Migomba Mbele ya Jumba la Mawe

Walisema nitapiga picha siku kuku atakapoota meno. Walisema mikono iliyozoea mwiko itavunja kioo kabla ya kukiingiza kwenye mashine. Mjomba wangu Semboja, aliyekuwa nyapara kwenye shamba la mkonge upande wa Kerenge, alisema kwa kifupi kama kawaida yake: "Mpishi ni mpishi. Hata umvishe kofia, atanuka bizari."

Sasa nimestaafu. Nimepiga majumba, stesheni, makanisa, misikiti na madaraja kutoka Handeni hadi Mombo, na yapo majengo yaliyokwisha kuanguka ambayo hayaonekani tena popote isipokuwa kwenye picha zangu. Ninyi vijana mnaoirithi kazi hii mna filamu ya kuviringisha mfukoni. Mkikosea mnaviringisha, mnapiga tena. Sisi wa enzi za Mjerumani tulikuwa na vioo, vizito kama dhambi na vyepesi kuvunjika kama ahadi, na kila kioo kilibeba picha moja tu. Kwa hiyo tulijifunza kuchagua, na hilo ndilo ninalotaka kuwaachia.

Kwanza mjue mnafundishwa na nani. Nilikwenda Ulaya nikiwa mpishi wa mpima ardhi mmoja. Mchana nilimpikia. Jioni nilifagia karakana ya mpiga picha wa majengo, mzee mwembamba mwenye kikohozi, hadi akachoka kuniona nikichungulia, akaniweka darasani pamoja na vijana wa kwao. Mtihani nilifaulu. Diploma nilipewa, yenye muhuri na utepe. Mchwa wa Korogwe baadaye walikula pembe yake moja. Walikula jina la mwalimu, wakaniachia langu.

Yule mzee alitufundisha kwamba picha ya jengo hupigwa kwa miguu kwanza. Siku moja kabla ya kazi unalizunguka jengo mikono mitupu, asubuhi, adhuhuri na alasiri, ukitazama jua linagusa ukuta gani na linauacha lini. Mkono ukiwa na mashine, jicho linakuwa na haraka. Alisema pia kwamba jengo huingiwa kama mgeni anavyoingia: kwa mbali, langoni, mlangoni, sebuleni. Picha zikifuata njia hiyo, hata mtu ambaye hajawahi kufika atajiona amekaribishwa.

Nilirudi nyumbani na diploma bila mashine, na diploma haina lenzi. Nikaandikwa mpishi kwenye lile lile shamba la mkonge la mjomba. Mjomba alikuja kwenye dirisha la jiko, akavuta harufu, akaenda zake.

Meneja wa shamba, Mjerumani mfupi aliyesema Kiswahili cha amri, alikuwa na mashine ya picha sandukuni, iliyoachwa na fundi mitambo aliyerudi kwao na homa. Ilikuwa mashine nzuri ya mbao, miguu mitatu, na ubao wa lenzi unaopanda na kushuka. Nilimwonyesha diploma. Akaisoma yote, akasema, "Na supu?" Nikamwambia supu iko tayari. Tangu siku hiyo aliniruhusu niitumie mashine siku za mapumziko.

Kazi yangu ya kwanza niliifanyia Handeni, nilikozaliwa, nilipokwenda kwa likizo ya Idi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameezeka nyumba yake kwa bati, jipya, la kwanza mtaani kwao. Nilifika adhuhuri, maana nilikuwa na hamu kuliko mpango. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati kama linalitafuta. Nilipoisafisha picha, bati lilikuwa jeupe kama radi na chini yake giza tupu.

"Nyumba yangu iko wapi?" aliuliza.

"Iko chini ya bati, mzee."

Akaitazama tena. "Basi ni sawa. Nyumba kila mtu anayo."

Akaichukua. Nilijifunza mambo mawili: bati lipigwe kabla jua halijapanda, na kabla ya kupanga chochote, umuulize mwenye nyumba anataka nini kionekane. La kwanza lilikuwamo kwenye diploma.

Katika safari hiyo ndipo nilipoanza kuazima. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi kichwani ili aione sura kwenye kioo cha nyuma, na kile alichoacha fundi mitambo kilikuwa kimeliwa na panya. Shangazi yangu Mwanaidi akanipa kaniki yake, ile aliyokalia eda. Nzito, nyeusi, haipitishi hata uzi wa mwanga. "Nairudisha lini, shangazi?" nikamuuliza. "Usiirudishe," akasema. "Niletee nyumba yangu kwenye karatasi."

Korogwe ya Kale, karibu na mto, alikuwapo seremala wa Kishambaa, Fundi Yohana, mwenye ngazi ndefu kuliko zote nilizoziona. Jengo refu ukilipiga kutoka chini na kuinua pua ya mashine, kuta huegemea nyuma kama mlevi anayetafuta ukuta. Lazima mashine ikae sawa, uipime kwa pimamaji, na wewe upande juu. Fundi Yohana alinipa ngazi kwa sharti. "Ukianguka, anguka peke yako. Ngazi uiache imesimama." Na malipo? "Picha. Nitakwambia ya nini."

Chumba cha giza nilipewa na mwenye duka la Korogwe, Mhindi tuliyemwita Bwana Mizani kwa sababu hakuwahi kuonekana mbali nayo. Alinipa stoo ya vitunguu. Humo nilichuja maji ya mto kwa mchanga na kaniki, nikayapoza kwenye mitungi, nikatia shabu ili utando wa kioo usiyeyuke kwa joto. Yeyote aliyewahi kuona picha ikiteleza kutoka kwenye kioo kama ukoko wa uji anajua thamani ya shabu. Picha zangu za mwanzo zilinuka vitunguu. Wako wateja waliotokwa machozi wakizitazama, na sikuwa na sababu ya kuwaeleza. Bwana Mizani naye alitaka picha. "Baadaye," alisema. "Kwanza jifunze."

Hao watatu niliwaweka akilini, nikaendelea kuwachelewesha. Vioo vilitoka Ulaya kwa meli, kisha kwa gari moshi kutoka Tanga, na kila kisanduku kilikuwa na mwenyewe kabla hakijafika.

Ndipo meneja akamaliza jumba lake jipya. Lilikuwa la ghorofa, uso wake wa mawe yaliyochongwa, ukielekea mashariki. Wenye shamba, waliokaa Ulaya, walikuwa wamemwandikia mara nyingi kuuliza kwa nini jumba la katikati ya mkonge linahitaji mawe ya kuchongwa. Meneja alikuwa anakwenda likizo na alitaka kuwawekea mawe hayo mezani. Mpiga picha wa Kizungu aliyeitwa kutoka Tanga akashikwa na homa. Meneja akaniita barazani.

"Ukinipigia vizuri, mashine ni yako," alisema. "Ukiharibu, unatia sahihi mkataba wa upishi. Kwangu, na kwa atakayekuja baada yangu."

Nikakubali. Mjomba alipopata habari alinikuta kisimani. "Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba. Nasikia umeweka rehani mwiko wako."

"Nimeweka."

"Hutaweza," akasema, bila ubaya, kama mtu anayesema mvua haitanyesha. "Lakini hiyo picha wanakwenda kuitazama akina nani?"

"Wenye shamba. Ulaya."

"Wazee wenyewe," akasema, akaondoka.

Kisanduku cha vioo kilifika na vingine vimevunjika. Vilivyobaki vizima vilikuwa vinane. Basi nikafanya kile nilichofundishwa. Siku moja kabla ya kazi nililizunguka jumba mikono mitupu tangu alfajiri. Uso wa mawe ulipata jua la asubuhi kwa ubavu, kila jiwe likatupa kivuli chake kidogo, na mchongo ukaonekana kama umefanywa jana. Jua likishapita paa, uso unabaki kivulini na anga linawaka nyuma yake, saa mbaya kuliko zote. Upande wa magharibi unafaa baada ya adhuhuri. Alasiri wingu linashuka kutoka milima ya Usambara na kulifunika jua. Nililiona wingu hilo, nikaliweka kwenye hesabu kama adui.

Kisha nikazigawa picha kwa mafungu yangu matatu, ambayo hayamo kwenye diploma yoyote kwa sababu niliyatunga mimi: za lazima, za heshima na za tamaa. Ya lazima ni ile ambayo ukibaki na kioo kimoja tu duniani utaipiga hiyo. Hapa ilikuwa uso wa mawe, vioo viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha ajali. Za heshima ni zile ambazo mwenye nyumba atauliza ziko wapi: pembe ya kusini, baraza, ukumbi, ngazi ya ndani, upande wa magharibi. Ya tamaa ni ile unayoitaka wewe mwenyewe. Mimi niliitaka picha kutoka kilimani, jumba likiwa dogo katikati ya mistari ya mkonge na milima nyuma. Niliitaka sana. Ndiyo maana iliandikwa mwisho.

Asubuhi ya kazi nilifika na ngazi begani na kaniki shingoni, nikakuta jumba halina uso.

Mbele yake, kutoka pembe hadi pembe, ilisimama migomba. Migomba mizima, iliyokatwa chini na kuchimbiwa, mikungu ikining'inia, majani yakigusa madirisha ya juu. Langoni yalifungwa makuti kama ya arusi. Mbele ya migomba walisimama wafanyakazi wa shamba wamevaa kanzu na shuka safi, na mbele yao mjomba wangu, na koti alilonunua kwa ajili ya msiba wa mtu mwingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Migomba."

"Ni migomba yangu yote ya mkono wa tembo," akasema. "Tumeibeba tangu jana jioni. Wenye shamba wako Ulaya, watakuja kuitazama nyumba, waikute tupu? Hata jani mlangoni hakuna? Watasema hapa hapana watu."

"Hawaji wao, mjomba. Inakwenda picha."

"Si ndiyo macho yao hayo?" Akanyoosha kidole kwenye sanduku la mashine. "Huyo ndiye mgeni. Na mgeni hapokelewi na ukuta." Kisha akashusha sauti. "Mimi nilisema hutaweza, na neno langu sijalibadili. Lakini ukishindwa, usishindwe mbele ya nyumba tupu."

Hapo meneja akatoka barazani na kikombe chake cha kahawa, akakutana na jani la mgomba usoni. Akalisogeza. Likarudi.

"Mpishi," akaita. "Ukuta wangu uko wapi?"

"Uko nyuma ya heshima, bwana."

"Heshima iondoke."

Mjomba alikuwa anatazama mikono yangu. Watu wote nyuma yake walikuwa wamesimama kama wanaongoja kuhesabiwa. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mkonge na kila dakika lilikuwa linapoteza mawe ya meneja. Ningeamuru migomba ing'olewe na wangeing'oa, na mjomba angeshika wa kwanza, kwa sababu alikuwa nyapara. Kisha asingekanyaga tena kwangu hadi siku ya kuzikana. Nisipoing'oa, natia sahihi ya upishi.

Wenzangu wadogo, hapa ndipo mtu anapojua kama amepanga kazi au ameandika orodha tu. Orodha ikivunjika imevunjika. Mpango una viungo, unakunjika.

Nikamgeukia meneja. "Itaondoka yenyewe, bwana, ikishapokelewa. Uso utaupata alasiri."

"Alasiri ni giza."

"Alasiri ni wingu, bwana. Nililitazama jana."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo akiwa na kaniki shingoni. Akatazama saa yake, akatazama jiko, akasema, "Alasiri," akaingia ndani. Nilielewa kwamba jiko lilitazamwa kwa makusudi.

Nikamwendea mjomba. "Mgeni akishapita langoni akakaribishwa ndani, migomba inakuwaje?"

"Kazi yake imekwisha. Majani ya mbuzi, ndizi za watoto. Mapambo hayakai mlangoni mgeni akiwa amekwisha kaa sebuleni, ni kama kumwambia bado hajafika."

"Basi mkaribisheni."

Nikaifungua mashine, nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu mbele ya lango. Nikatoa kioo kimoja. Nacho kilipaswa kutoka mahali fulani, kwa hiyo nikakitoa kilimani: nikaifuta picha ya tamaa. Ndiyo sababu ya kuwa na fungu la tamaa. Lina kazi moja tu, kufutwa bila kuumiza jengo. Nikawaomba watu wote wasimame bila kutikisika, nikaondoa kifuniko cha lenzi, nikahesabu, nikarudisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha wanaume wanne wakaibeba mashine juu juu kama bibi arusi, wakaipitisha chini ya makuti, kati ya migomba, ngazi ya mbele, hadi ukumbini. Mjomba akaivutia kiti. Mashine haikukaa, lakini alikuwa amekwisha kukivuta.

Tangu hapo nikafuata njia ya mgeni aliyekwisha ingia: ukumbi, ngazi ya ndani, baraza. Ndani kulikuwa na mwanga wa kijani uliochujwa na majani, mpole na wa polepole. Jua lilipovuka paa nikapiga magharibi. Mara kwa mara nilichungulia mbele. Migomba ilikuwa inalegea kwa joto. Adhuhuri majani yalilala, na mjomba mwenyewe akasema, "Mapambo yaliyonyauka ni tusi. Toeni." Watoto wakaijia mikungu, mbuzi wakayajia majani. Kabla ya alasiri hakikubaki kitu ila mashimo, nayo wakayafukia na kufagia, ua ukawa safi kuliko nilivyoukuta.

Nikapanda ngazi ya Fundi Yohana, nikajifunika kaniki ya shangazi, nikangoja. Jua lilikuwa nyuma ya paa, linaniangalia machoni. Ningepiga wakati ule ningepata jumba jeusi lenye taji la moto. Meneja alikuwa chini ya ngazi.

"Wingu liko wapi?"

"Linatoka Usambara, bwana. Haliendi kwa gari moshi."

Mjomba akakohoa mahali fulani. Sikumtazama.

Likaja. Lilitanda polepole kama shuka inayovutwa juu ya mgonjwa, anga likapoa, na uso wa jumba ukatokea wote, jiwe baada ya jiwe, bila kivuli kikali na bila mng'aro. Jua la asubuhi lingeonyesha mchongo. Mwanga ule ulionyesha mchongo, rangi, na kila mstari wa saruji. Nikaifunga lenzi hadi tundu dogo kabisa, nikainua ubao wake, nikaacha mwanga uingie kwa muda mrefu. Mbuzi mmoja alipita mbele ya jumba wakati ule akitafuna. Hayumo kwenye picha. Mwanga wa taratibu hauhifadhi wapitaji. Kisha nikapiga cha ajali, na pembe ya kusini ikamaliza vioo vyangu.

Nilivisafisha stoo kwa Bwana Mizani, na shabu haikupungua. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda stesheni, meneja alivishika vioo kimoja kimoja mbele ya dirisha. Kwenye uso wa mawe alikaa sana. Nadhani alikuwa anayahesabu. Alipofika kwenye kile cha migomba alikirudisha mezani.

"Hii si nyumba," akasema. "Hii ni shamba. Baki nacho." Akavifunga vingine sandukuni. Mlangoni akageuka. "Na mashine."

Nilipokea pongezi hiyo kama ilivyostahili. Mchana nilimwonyesha kijana mpya wa jikoni mahali chumvi inapokaa, nikatoka.

Kisanduku changu cha kwanza cha vioo, kilichokuja na jina langu, sikukiuzia mtu. Kilikuwa cha walionikopesha. Nilimfuata kila mmoja nikamwambia achague upande autakao, mimi nitafuata. Mtu mwenye diploma anaweza kusema hivyo kwa sababu anajua hasara yake.

Shangazi Mwanaidi, Handeni, hakuutaka mlango wa mbele. Alinipeleka nyuma, kwenye ukuta alioukandika mwenyewe kwa mikono yake mwaka aliofiwa, na alama za vidole bado zipo. Nikangoja jua la ubavu, kila kidole kikatoka. Fundi Yohana hakutaka nyumba, alitaka kenchi za paa la kanisa zilivyoungana, kutoka chini. Nililala chali kwenye vumbi. Bwana Mizani alinisimamisha nyuma ya mizani yake, nikapiga duka kutoka ndani kwenda nje: mizani, kaunta, mlango, barabara. "Hivi ndivyo ninavyoiona Korogwe," alisema. Nilipompelekea alifuta mikono kabla ya kuishika.

Akabaki mjomba. Hakunikopesha kwa kuombwa, lakini migomba yote ya mtu ikikatwa kwa ajili ya kazi yako, umekopa. Nilikwenda Kerenge na picha iliyokataliwa, nimeitia fremu. Akaitazama muda mrefu: watu wake, koti lake, migomba yake imesimama hadi madirishani.

"Nzuri," akasema. "Lakini hii nilikuwepo, niliiona. Wengine umewaambia wachague."

"Chagua, mjomba. Nyumba yako upande gani?"

Akanipita, akaenda nyuma ya nyumba hadi kwenye bustani yake. Visiki vilikuwa bado pale, vyeusi, vimekatwa kimoja kimoja, na ubavuni mwa kila kisiki machipukizi yamefika magotini.

"Hapa," akasema.

"Hapa hapana jengo, mjomba."

"Jumba lile lilivaa nguo zangu siku ile. Piga sanduku zilimotoka."

Nilizunguka bustani mara moja, mikono mitupu. Jua lilikuwa bado chini na lilipita katikati ya machipukizi. Nikapima kwa pimamaji, nikajifunika kaniki, nikampa kioo kizima.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Sidaiwi tena na mtu."

"Basi ingia ule. Leo nimepika mimi."

Alikuwa amepika ugali na ndizi, peke yake, wake zake wakiwa wamekatazwa jikoni. Ugali ulikuwa mbichi katikati na ndizi zilikuwa zimeshika moshi, na mtu wa kazi hiyo alitambua yote mawili tangu mlangoni. Nilikaa, nikanawa, nikala, nikaomba niongezwe.